Gari Linalala Wapi?

Nanyama hakumuuzia mtu yeyote oili ya injini kabla ya kumuuliza swali moja. Hata dereva afike mbio, lori lake likinguruma barabarani na askari wa trafiki akimfokea aliondoe, Nanyama angeshika kiuno, amtazame usoni, kisha amuulize, "Gari linalala wapi?"

Madereva wa mtaa wa Ndeeba, mjini Kampala, walikuwa wamemzoea. Wapo waliomcheka na kusema kwamba huyu mama wa Kikenya alikosea kazi, alifaa kuwa polisi. Wapo waliokasirika. Nanyama naye hasira zake zilikuwa karibu, kwa hiyo aliwajibu papo hapo.

"Nakuuliza kwa sababu gari linalolala Kampala si sawa na gari linalolala Kabale kule milimani," alisema. "Wewe ukilala kwenye baridi bila blanketi, asubuhi unaamka umekakamaa. Oili nayo inakakamaa. Sasa utajibu, au utaenda kununua kwingine?"

Walijibu, na waliendelea kununua kwake. Tangu atoke Bungoma miaka kumi na miwili iliyopita, binti yake Nakhisa akiwa mgongoni, hakuna lori hata moja lililoharibika kwa sababu ya oili yake.

Nakhisa sasa alikuwa darasa la saba. Kila Jumamosi asubuhi alifagia duka, akamwaga maranda ya mbao mahali palipodondoka oili, akapanga jerikani za lita ishirini ukutani. Dukani kulikuwa na mapipa mawili makubwa, kila moja na pampu yake ya mkono. La kwanza lilisimama mlangoni, juani, nalo liliandikwa 50. Hiyo ilikuwa oili nzito, ya malori makuukuu yanayozunguka mjini kwenye joto. La pili lilikuwa ndani, nalo liliandikwa 15W-40. Hiyo ndiyo iliyofaa malori ya dizeli yanayopanda kwenye baridi ya milimani.

Mama alimfundisha kuzisoma namba hizo tangu akiwa darasa la nne. "Hii ya kwanza, yenye W, ni namba ya asubuhi, injini ikiwa imelala kwenye baridi," alimwambia. "Ikiwa ndogo, oili inatiririka upesi hata kukiwa na baridi. Hii ya pili ni namba ya mchana, injini ikichemka. Sasa tazama hii hamsini. Ina namba ya mchana tu. Ukiipeleka kwenye baridi inakuwa kama uji wa jana."

Jerikani ikishajazwa, Nakhisa aliandika namba kwenye kifuniko kwa brashi na rangi nyekundu. Dereva aliisoma, akabeba mzigo wake, akaenda zake. Kifuniko kutoka kwa Nanyama kiliaminika kutoka Ndeeba hadi Bunagana, mpakani mwa Kongo.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, Nakhisa aliamka akiimba. Siku hiyo timu ya shule yao ingecheza mpira wa pete na shule moja ya Wandegeya, saa nane mchana, naye alikuwa amechaguliwa kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa na kikao cha akina mama wa kanisa kule Lubaga.

"Nitarudi saa sita," mama alisema huku akifunga kitambaa kichwani. "Wewe kaa na duka. Saa sita kamili nitakuwa hapa, uende kwenye mpira wako."

Saa sita ilifika, mama hakufika. Saa sita na nusu, kimya. Nakhisa alipiga simu, haikupokewa. Ilipofika saa saba alikuwa tayari amevaa viatu vya mpira, anatembea kutoka mlangoni hadi barabarani, kutoka barabarani hadi mlangoni, hasira zikimpanda. Na tuseme kweli, alikuwa na sababu ya kukasirika. Mzazi akiahidi, naye atimize.

Moreen, rafiki yake wa darasani, alitokea akiwa na sare ya timu. "Nakhisa, bado uko hapa? Gari la shule linaondoka saa saba na nusu. Mwalimu amesema asiyekuwepo ataachwa."

"Mama hajarudi."

"Basi utaachwa."

Wakati huohuo akaingia Jean-Pierre. Huyu alikuwa Mkongo wa makamo, mwenye lori moja la buluu ambalo aliliendesha mwenyewe, akipeleka sabuni na biskuti hadi Bunagana. Alikuwa mteja wa zamani. Nakhisa alimwita Papa Jean-Pierre, kama Wakongo wenzake walivyomwita.

"Mtoto, mama yako iko wapi?" aliuliza. Kabla hajajibiwa akaendelea, "Haina neno. Nipatie jerikani moja ya ile ya baridi. Fundi ananingoja amwage oili ya zamani. Nitalala Kanaba, na mwezi huu kule juu baridi inauma."

Alikuwa amelijibu swali kabla ya kuulizwa. Nakhisa akaenda kwenye pipa la ndani, akaanza kupiga pampu. Pampu ilikohoa, ikatema oili kidogo, ikakohoa tena. Pipa lilikuwa limekwisha. Kando yake lilisimama pipa jipya la 15W-40, sili yake haijakatwa. Ili kulifungua ilibidi akate ile sili, alegeze kizibo kwa spana kubwa, aing'oe pampu kwenye pipa la zamani, aifute, kisha aifunge upya. Aliitazama ile spana pale ukutani, akaona kazi ya nusu saa.

"Nakhisa," Moreen aliita kutoka mlangoni. "Twende, basi."

Nakhisa akawaza kwamba hakuna aliyemjali. Mama alikuwa ameketi Lubaga anakunywa chai na wenzake, na yeye hapa afungue mapipa kama kibarua. Alimtazama Jean-Pierre. Alikuwa nje, amewapa mgongo, anazungumza kwenye simu.

Akaichukua jerikani, akaipeleka kwenye pipa la mlangoni, lile la hamsini, akaijaza. Alipomaliza akachovya brashi kwenye rangi nyekundu na kuandika kwenye kifuniko: 15W-40. Hasira ilikuwa imemfanya jasiri wa bure.

Jean-Pierre alirudi. Kama madereva wote, alifungua kifuniko, akachovya kidole, akaisugua ile oili kati ya kidole na dole gumba. Jua lilikuwa limelipasha lile pipa tangu asubuhi, kwa hiyo oili ilikuwa laini kiasi. Hata hivyo alikunja uso.

"Leo inaonekana nzito kidogo."

"Ni pipa jipya, Papa," alisema Nakhisa.

"Sawa. Kifuniko kimeandikwa, mimi sina neno." Akaibeba jerikani, akaondoka.

Dakika tano baadaye mama alifika, anahema. "Pole, mwanangu, kikao kilivuta, na simu yangu imekufa chaji." Nakhisa alimtupia funguo bila kumwamkia, akakimbia. Walifika Wandegeya saa nane kasorobo. Refa naye akafika saa tisa na nusu, kwa hiyo walikaa chini kwenye nyasi zaidi ya saa moja na nusu, wakila karanga.

Jioni mama aliuliza, "Ile 15W-40 imekwisha?"

"Imekwisha. Papa Jean-Pierre amemalizia."

Basi mama akafungua pipa jipya. Jumatatu pipa tupu lilichukuliwa na watengenezaji sigiri wa Katwe, ambao hukata mapipa na kuyafanya majiko. Lilikatwa siku hiyohiyo, na Nakhisa akajiambia kwamba mambo yamepita.

Ijumaa, alipotoka shule, alisikia kelele kabla hajaliona duka.

Lori la buluu lilikuwa limesimama nusu barabarani. Jean-Pierre alikuwa mlangoni, koti zito limejaa matope, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Majirani walikuwa wamejaa.

"Miaka minane nanunua kwako!" alikuwa akimfokea Nanyama. "Minane! Sasa leo unataka kuniua?"

"Punguza sauti, Papa Jean-Pierre. Niambie kumetokea nini."

"Nimelala Kanaba. Saa kumi na moja alfajiri naamsha gari. Stata inavuta, inavuta, injini haizunguki. Betri imekufa. Watu wakanisukuma kwenye mteremko, ikawaka, lakini inapiga kelele kama vyuma vinagongana, na ile taa nyekundu ya oili haizimi. Nikaizima mbio. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia, akakiinamisha hivi, oili inakataa kudondoka. Akaniuliza, nani amekuuzia hii? Siku mbili nimekaa kwenye baridi ile, wateja wangu wa Bunagana wakanunua kwa wengine. Na kama nisingeizima, injini ingekufa. Hiyo gari ndiyo inasomesha watoto wangu, Mama Nakhisa. Mimi sina nyingine."

"Oili yangu haiwezi kufanya hivyo," alisema Nanyama, naye sauti imeanza kupanda.

Jean-Pierre akaishusha jerikani kutoka kwenye lori. Injini yake haikumaliza lita zote ishirini, chini ilibaki kiasi cha tano. "Soma kifuniko."

Nanyama alikisoma. Kisha akachukua kipande cha bati, akakiegemeza ukutani, akamwaga kijiko kimoja cha oili ile. Kando yake akamwaga kijiko kimoja kutoka pipa la ndani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na hewa ilikuwa ya baridi. Oili ya kutoka ndani iliteremka ikafika chini. Ile ya Jean-Pierre ilijikokota, haijafika hata nusu ya bati.

Nakhisa alisimama nyuma yao na mkoba wake mgongoni. Hapo ndipo alipopaswa kusema, na alijua. Alifungua mdomo. Lakini mama hakumtazama. Mama alikuwa analitazama bati lile, na mshipa wa shingo umemsimama.

"Hajji," alisema Nanyama. "Hajji Abdul-Latif ameniwekea uchafu kwenye lile pipa lililokwisha."

Abdul-Latif alikuwa na ghala la oili Kisenyi. Mapipa yote ya Nanyama yalitoka kwake. Nanyama alipofika Kampala hajulikani na mtu, mzee huyo ndiye aliyemwelekeza kazi, akamwonyesha kusoma zile namba, akamwita dada. Nakhisa alipokuwa mdogo alikuwa akilala mchana kwenye magunia ya ghala lile, na Hajji alimletea mandazi.

"Nakhisa, beba hiyo jerikani," mama aliamuru, akilichukua lile bati. "Twende."

Walipanda lori la Jean-Pierre wote watatu. Nakhisa aliibana jerikani kwa magoti njia nzima, na kile kifuniko chenye mwandiko wake kikimtazama. Alijiambia atasema wakifika taa za barabarani. Walipozipita akajiambia atasema wakifika Kisenyi.

Ghala lilikuwa na wateja wengi. Mwanamume mmoja alikuwa anapakia mapipa matatu kwenye pikapu. Hajji Abdul-Latif, mwenye kanzu nyeupe na ndevu zilizojaa mvi, aliinuka alipomwona Nanyama.

"Karibu, dada yangu. Kaa kwanza unywe maji."

"Sikai kwa mwizi," alisema Nanyama, na sauti yake ilifika barabarani. "Umeanza lini, Hajji? Umeanza lini kuchukua oili mbovu na kuibandika namba nzuri? Mtu amekwama mlimani siku mbili kwa ajili yako. Nimekuamini miaka yote hii. Watu wangu, sikieni! Mapipa ya huyu mzee si ya kununua."

Hajji aliisoma jerikani, akatikisa kichwa. "Mapipa yangu yanakuja na sili na yanaondoka na sili. Wewe mwenyewe ndiye unayeikata, dada."

"Sili inaweza kubandikwa."

Yule mwenye pikapu aliwaambia vijana washushe mapipa yake. Wateja wengine wawili waliondoka bila kuaga. Hajji aliwatazama wakienda, na Nakhisa akaona mikono ya mzee ikitafuta mahali pa kujishika.

"Leteni spana," alisema Hajji.

"Hajji," mfanyakazi wake alimnong'oneza, "tukikata sili hakuna atakayeyanunua."

"Najua. Leteni."

Alipiga magoti mwenyewe mbele ya safu ile ndefu ya mapipa, akakata sili ya kwanza, akalegeza kizibo. Akatoa oili kidogo na kuimwaga kwenye bati alilokuja nalo Nanyama. Ilitiririka vizuri.

"Endelea," alisema Nanyama, mikono ameikunja kifuani.

Hajji akafungua la pili. Spana iliteleza ikamchubua kidole, na kanzu yake ikaingia doa jeusi gotini. Oili ilitiririka vizuri.

"Labda ni la tatu," alisema Nanyama.

Mzee alisogea kwa magoti hadi pipa la tatu. Nakhisa aliitazama safu yote. Kulikuwa na mapipa zaidi ya thelathini, na alielewa kwamba Hajji atayafungua yote, mpaka la mwisho, na hatapata kosa, na bado hakuna atakayemwamini.

"Usifungue, Hajji," alisema.

Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyeisikia. Spana ilikwishashika sili ya tatu. Nakhisa aliitupa jerikani sakafuni, ikalia kishindo, kila mtu akageuka.

"Usifungue. Ni mimi. Nilitoa kwenye pipa la hamsini nikaandika 15W-40. Ile ya baridi ilikuwa imekwisha na mimi sikutaka kufungua pipa jipya. Hajji hajafanya kitu."

Wa kwanza kusema alikuwa Jean-Pierre, na safari hii hakufoka.

"Nilikuambia nalala Kanaba," alisema. "Nilisema ni nzito. Ukanitazama usoni, ukaniambia ni pipa jipya."

Nakhisa angependa afokewe.

Nanyama alimfikia kwa hatua mbili na mkono umeinuliwa. Mkono ule ulibaki hewani, kisha ukashuka taratibu. "Kwa sababu ya mpira?" aliuliza. "Kwa sababu ya mpira tu?"

"Ulisema utarudi saa sita," alisema Nakhisa huku machozi yanamtoka, machozi ya hasira na aibu pamoja. "Nilikasirika."

"Na leo? Umenisikia namwita huyu mzee mwizi, ukiwa umesimama hapo na hiyo jerikani mkononi. Leo ulikuwa umekasirika na nani?"

"Leo niliogopa."

Hajji Abdul-Latif aliinuka kwa taabu, akifuta kidole chenye damu kwenye kanzu ambayo tayari ilikuwa imeharibika. Watu walidhani atacheka na kusema yamekwisha. Hakucheka.

"Mimi pia nina hasira," alisema. "Nimemkasirikia mtoto. Lakini wewe, dada, nimekukasirikia zaidi. Huyu ana miaka kumi na mitatu. Wewe huuzi jerikani moja bila kuuliza gari linalala wapi. Ni mimi niliyekufundisha swali hilo. Leo umekuja kuniita mwizi mbele ya watu, na hujaniuliza hata swali moja. Hukumuuliza hata mtoto wako nani aliyepiga ile pampu."

Nanyama aliinamisha kichwa. Nakhisa alidhani wataondoka kimyakimya. Lakini mama aligeuka akawatazama wote waliobaki, yule mwenye pikapu, wachukuzi, wapita njia waliosimama mlangoni.

"Nilipoingia hapa nilipiga kelele mkanisikia," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kama ile ya kwanza. "Basi nisikieni tena. Nimemsingizia Hajji Abdul-Latif. Oili yake ni safi. Kosa limetoka kwenye duka langu, kwa mkono wa mwanangu, na kwa mdomo wangu mimi. Hajji, nakuomba msamaha. Haya mapipa mawili uliyoyafungua nayachukua mimi. Nauza kwa jerikani, hayatanidhuru. Na wewe, Papa Jean-Pierre, betri yako iko juu yangu, na wateja wako wa Bunagana nitawapigia simu mwenyewe niwaeleze."

Yule mwenye pikapu alikuna kichwa. Kisha akawaambia vijana wapakie tena mapipa yake. Hajji hakusema amesamehe. Alisema tu, "Kunywa maji, dada," na Nanyama akayanywa yote akiwa amesimama.

"Na oili yangu?" aliuliza Jean-Pierre. "Ile niliyotia mjini Kisoro ili nirudi huku niliokoteza tu, sijui ni ya namna gani. Jumapili nataka kupanda tena."

"Kesho asubuhi nitakujazia mwenyewe," alisema Nanyama.

"Hapana." Jean-Pierre alimnyooshea Nakhisa kidole. "Mama Nakhisa, wewe sitaki. Namtaka huyu. Afungue pipa mbele yangu."

Jumamosi asubuhi alikuja na akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Moja ya yale mapipa ya Hajji lilikuwa limekwisha kuwekwa pale, lakini mama alilipita akamwonyesha Nakhisa jipya kabisa, lenye sili. "Lile," alisema, na hakumsaidia.

Nakhisa akakata sili. Alining'inia kwenye ile spana kwa uzito wake wote hadi kizibo kikalegea. Akaing'oa pampu, akaifuta, akaifunga upya, akapiga mpaka jasho likamdondoka puani. Jerikani ilipojaa, aliitazama saa ya ukutani. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika kumi na mbili. Si nusu saa. Dakika kumi na mbili.

Mama aliona alivyoitazama saa ile. "Bado nina hasira na wewe, na haitaisha leo," alisema. "Lakini nisikilize vizuri. Kukasirika hukukosea. Mimi ndiye niliyechelewa, ungeningoja mlangoni ukanifokea mimi. Wewe hasira yako uliimimina kwenye injini ya mtu ambaye hakukukosea. Mimi nami nikaimwaga yangu juu ya Hajji. Mtu mwenye hasira aulize kwanza, ndipo afanye. Na akishakosea, aseme siku ileile, kosa likiwa bado la jerikani moja. Wewe ulingoja, likawa la lori zima, karibu liwe la ghala zima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi mhudumie mteja."

Nakhisa alichukua brashi, akaichovya kwenye rangi nyekundu. Kabla ya kuandika alisimama, akamtazama Jean-Pierre usoni. Ilikuwa vigumu kuliko kufungua kizibo.

"Nisamehe, Papa," alisema. "Gari linalala wapi?"

"Kanaba."

Akaandika. Jean-Pierre alifungua kifuniko, akachovya kidole, akaisugua ile oili kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika. "Tutaona asubuhi," alisema, akaondoka bila kutabasamu.

Jumatatu alfajiri, taa za nyumba za jirani hazijawashwa, simu ya mama ililia. Mama alisikiliza kidogo, kisha akampa Nakhisa. Jean-Pierre hakusalimu. Alikuwa ameielekeza simu kwenye lori lake. Nakhisa alisikia upepo wa mlimani, akasikia stata ikivuta mara moja, na injini ikawaka, ikanguruma sawasawa bila kelele ya chuma.

"Umesikia?" iliuliza sauti ya Jean-Pierre.

"Nimesikia, Papa."

"Haya, nenda shule," alisema Jean-Pierre, akakata simu.